Kuhariri Jeni na Kuvu Rafiki: Njia Mbili za Kukinga Migomba

Watahiniwa wengi wakiona neno "kuvu" katika swali la magonjwa ya mimea, huandika mara moja kwamba kuvu ni adui. Wakiona "kuhariri jeni", huandika kwamba mmea umepewa jeni ya kiumbe kingine. Majibu yote mawili hupoteza alama. Tutumie mgomba kuyarekebisha.

Kuhariri jeni

Ndizi gonja imerithi kutoka kwa mzazi wake wa porini, Musa balbisiana, vinasaba vya kirusi cha michirizi ya migomba. Vinasaba hivyo hulala ndani ya kromosomu bila madhara. Ukame ukiubana mmea, kirusi huamka na kuzaana, na majani hupata michirizi ya manjano. Kuhamisha chipukizi la mgomba huo hadi shamba jipya hakusaidii, kwa sababu adui yumo ndani ya kila seli yake. Hata dawa ya kunyunyizia haimfikii.

Mwaka 2019 watafiti wa taasisi ya IITA jijini Nairobi walichapisha matokeo ya kutumia mbinu ya CRISPR-Cas9 kwenye gonja. Zishike hatua zake kwa mpangilio. RNA elekezi hutafuta sehemu iliyolengwa katika DNA. Kimeng'enya Cas9 hukata hapo. Seli huziunganisha ncha zilizokatwa, na katika kuunganisha huku herufi chache za DNA hupotea au kuongezeka. Maagizo ya kirusi yakawa hayasomeki tena. Mimea iliponyimwa maji, asilimia 75 ya iliyohaririwa haikuonyesha dalili.

Hapa lengo ni kubadili herufi zilizomo tayari kwenye mmea. Katika uhamishaji wa jeni, lengo ni kuongeza jeni kutoka kwa kiumbe kingine. Ukiulizwa tofauti, anzia hapo.

Kuvu rafiki

Mnyauko wa migomba, unaoitwa pia ugonjwa wa Panama, husababishwa na kuvu ya udongoni, Fusarium oxysporum. Huingia kupitia mizizi na kuziba zailemu, hivyo maji hayapandi na majani hunyauka hata kama udongo una unyevu. (Swali hili hupenda kurudi: mmea unakufa kwa kiu ilhali umesimama kwenye maji.) Spora zake hukaa udongoni miaka mingi, ndiyo maana kung'oa mgomba mgonjwa hakutoshi.

Trichoderma nayo ni kuvu, lakini humsaidia mkulima. Hunyang'anyana na Fusarium chakula na nafasi kuzunguka mizizi. Hujizungusha kwenye nyuzi za adui na kutoa vimeng'enya vinavyovunja khitini ya ukuta wake wa seli. Aidha, huuamsha mmea ujenge kinga yake. Kumbuka kuwa inakinga. Haiponyi mgomba uliokwisha kuziba, kwa hiyo huwekwa wakati wa kupanda. Mkulima akimwaga dawa ya kuua kuvu juu yake, huenda akamuua msaidizi wake mwenyewe.

Swali la mazoezi

Migomba ya kisukari ya mkulima mmoja inakufa kwa mnyauko wa Fusarium. Jirani anamwambia kwamba uhariri uleule uliofanywa kwenye gonja utaikinga miche yake mipya. Kosoa ushauri huo. (alama 4)

Jibu: Uhariri ule ulilenga vinasaba vya kirusi vilivyomo kwenye kromosomu (1). Mnyauko husababishwa na kuvu, si kirusi (1), nayo hutoka udongoni na kuingia mizizini (1). Anaweza kupaka Trichoderma kwenye mizizi ya miche safi wakati wa kupanda, ili ishindane na Fusarium (1).

Ukiandika tu "ushauri si sahihi" bila sababu, hupati alama yoyote.