Mteremko wa Dutwa: Kusoma Jiografia Kutoka Shule ya Sekondari hadi Shahada ya Uzamili

Katika makala haya tumekusudia kueleza jambo ambalo wanafunzi wengi wa kidato cha sita huliuliza, na ambalo sisi walimu mara nyingi hulijibu kwa kifupi mno: ni nini hasa anachokisoma mtu aendaye Chuo Kikuu kuchukua jiografia, na kwa nini baadhi yao, wakiisha kupata shahada ya kwanza, hurudi tena kusomea ya pili? Jibu lililozoeleka ni kwamba mambo ni yale yale ya shuleni, ila ni mengi zaidi. Jibu hilo halitoshi, na limewapoteza vijana wengi. Kwa hiyo tutachukua mahali pamoja, yaani Dutwa katika Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Simiyu, tuutazame mteremko wa huko kama unavyotazamwa na mwanafunzi wa sekondari, kisha na mwanafunzi wa shahada ya kwanza, na mwisho na mwanafunzi wa uzamili.

Dutwa iko kando ya barabara itokayo Bariadi kwenda Lamadi, katika nchi ya Usukuma ya mashariki. Nchi hiyo ni ya vilima vilivyotawanyika, miteremko mirefu isiyo mikali, na mbuga tambarare zilizo mabondeni. Mvua huanza mnamo Oktoba au Novemba na kwisha Mei, na mara nyingi husita katikati, Januari na Februari, wakati mkulima anapoihitaji sana. Watu hulima pamba, mahindi, mtama, mpunga na dengu, na hufuga ng'ombe. Kilima kimoja cha hapo, Wamangola, kimepata kujulikana mbali kwa sababu ya nikeli iliyomo katika udongo wake, uliotokana na kuoza kwa miamba ya kale sana yenye chuma na magnesi nyingi.

Ukishuka kutoka kilima cha mawe meupe kuelekea bondeni, utaukanyaga kwanza udongo wa changarawe, kisha udongo mwepesi wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni. Chini yake huja itogolo, udongo wa kijivu wenye tabaka gumu lisilopitisha maji upesi. Bondeni kabisa ni mbuga, mfinyanzi mweusi unaovimba unapolowa na kupasuka nyufa pana wakati wa kiangazi. Mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuzichora aina hizi na kuzitaja sifa zake, na akipewa swali la mtihani kuhusu udongo wa kichanga na wa mfinyanzi atajibu vizuri. Anajua kwamba mambo ndivyo yalivyo kwa kuwa kitabu kimesema, na mwalimu amethibitisha.

Hapa inafaa tuseme neno moja kwa walimu wenzetu. Tumewafundisha vijana bonde la Rhine na bonde la Tennessee hata wakaweza kuyachora wakiwa wamefumba macho, ilhali mteremko ulio nyuma ya darasa hawajauchora hata mara moja. Jambo hili linashangaza zaidi tukikumbuka kwamba mojawapo ya mawazo makuu ya elimu ya udongo duniani lilizaliwa katika miteremko ya Afrika Mashariki. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, aliona kwamba aina za udongo hazikutawanyika ovyo. Hufuatana kutoka kileleni hadi bondeni kwa utaratibu ule ule, kilima baada ya kilima, kwa sababu maji hubeba chembe na chumvi kutoka juu na kuziweka chini. Mwaka 1935 aliuita mfuatano huo katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Kati ya Desemba 1935 na Februari 1936 alifanya safari ndefu ya kuchunguza udongo katika sehemu mbalimbali za Tanganyika. Alifariki 1942, na taarifa ya safari hiyo ikachapishwa 1947. Neno lake linatumika leo katika vyuo vya dunia nzima. Mkulima wa Kisukuma, ambaye alikuwa na jina kwa kila pingili ya mnyororo huo kabla Milne hajafika, hatajwi sana.

Sasa twende Chuo Kikuu. Idara ya Jiografia ya Dar es Salaam ilianza 1964, chuo kilipokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki. Leo somo hili hufundishwa pia katika vyuo vingine nchini, pamoja na Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa 2007. Shahada ya kwanza huchukua miaka mitatu. Wanaoingia hutoka katika michepuo mbalimbali kama HGL, HGE, EGM, PGM na CBG, na tofauti zao huonekana mapema: aliyesoma hisabati husinzia katika wiki za kwanza za takwimu, na aliyesoma historia husinzia katika insha, kabla mwaka haujaisha kila mmoja amekwisha kuamshwa na somo la mwenziwe. Husoma maumbile ya nchi, hali ya hewa, watu na makazi, uchumi wa mahali, uchoraji wa ramani, usomaji wa picha za angani na za setilaiti, na mifumo ya taarifa za kijiografia itumiayo kompyuta.

Orodha hiyo isitufiche jambo lenyewe. Katika shahada ya kwanza mwanafunzi hufundishwa kupima. Tuchukue lambo la kunyweshea ng'ombe lililochimbwa chini ya mteremko. Mwanafunzi wa sekondari atasema kwamba mmomonyoko wa ardhi ni mbaya na kwamba lambo linajaa tope. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu huulizwa: tope kiasi gani? Basi wakati wa kiangazi, lambo likikauka, huchimba vishimo kwa nafasi zilizo sawa hadi kuufikia udongo wa awali, akapima kina cha tope katika kila kishimo. Tuseme eneo la lambo ni mita za mraba 10,000, na wastani wa kina cha tope ni mita 0.8. Tope lote basi ni mita za ujazo 8,000. Tuseme pia kwamba lambo lina umri wa miaka 10, na kwamba ramani inaonyesha kuwa maji yake hukusanywa kutoka eneo la kilomita za mraba 4. Ukigawanya 8,000 kwa 10, kisha kwa 4, utapata mita za ujazo 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Ni sawa na kuuondoa udongo wa mteremko mzima kwa unene wa milimita 0.2 kila mwaka. Tarakimu hizi tumezichagua ili hesabu iwe nyepesi, lakini njia ni ya kweli.

Njia hiyo ilitumiwa hapa nchini katika utafiti wa pamoja wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Uppsala, Uswidi, ulioanza 1968 chini ya Anders Rapp, Len Berry na Paul Temple, na kuchapishwa 1972. Katika mabwawa waliyoyapima sehemu za Dodoma na Arusha walikuta kiasi cha tope kati ya mita za ujazo 200 hivi na zaidi ya 700 kwa kilomita ya mraba kwa mwaka, na wakaonyesha kwamba baadhi ya mabwawa yalikuwa yakielekea kujaa katika muda mfupi kuliko waliyoyajenga walivyotazamia. Mwaka 1973 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, na 1986 ule wa Shinyanga, HASHI. Bariadi wakati huo ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga. Simiyu ilipata kuwa mkoa 2012. HASHI, ambao uliendelea hadi 2004, ulijengwa juu ya ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho wakati wa masika na kulifungua kiangazi nyasi zinapokuwa adimu.

Mwanafunzi akimaliza miaka hiyo mitatu huwa ana ufundi. Wengi huenda kufundisha, wengine huajiriwa katika mipango miji, takwimu, maji au hifadhi, na hao wote wanahitajika. Lakini maswali anayoyajibu mhitimu huyo bado ni ya watu wengine. Hapo ndipo uzamili unapotofautiana na shahada ya kwanza, na hapo ndipo wengi hukwama.

Mwombaji mmoja wa kufikirika, mzaliwa wa Dutwa, analeta pendekezo la utafiti lenye jina “Athari za Mabadiliko ya Tabianchi kwa Kilimo cha Dutwa”. Msimamizi mzuri atamwuliza: ukikuta nini huko utakubali kwamba ulikosea? Mwanafunzi hana la kusema, kwa kuwa jina lenyewe limekwisha kutoa jibu: athari zipo, kilichobaki ni kuziorodhesha. Analirudia pendekezo mara ya pili, mara ya tatu. Hatimaye anakumbuka jambo aliloliona tangu utotoni, kwamba sehemu za itogolo zilizokuwa malisho sasa zimejengewa kingo na kuwa majaluba ya mpunga. Ni nani waliozigeuza? Huenda ni kaya zilizokuwa na ng'ombe na plau, zenye nguvu ya kuuvunja udongo mgumu. Huenda pia ni kaya ambazo luseni yao ilikuwa imegawanywa kwa watoto hata isitoshe tena. Maelezo haya mawili hayatabiri kitu kimoja. Likiwa la kwanza ndilo kweli, majaluba ya awali yatakuwa ya matajiri wa mifugo. Likiwa la pili, yatakuwa ya wenye mashamba madogo. Sasa swali lipo, na kijiji kinaweza kulikataa.

Kazi inayofuata si nyepesi. Picha za setilaiti za Landsat zilianza kupigwa 1972, na tangu 2008 hutolewa bila malipo. Lakini doa moja la picha hizo lina upana wa mita 30, na zile za mwanzo ni hafifu zaidi, hivyo jaluba dogo linaweza kumezwa lisionekane. Itambidi atafute picha za angani za zamani na ramani za kipimo cha 1:50,000, kisha atembee kwa miguu kulinganisha. Itambidi apate barua ya chuo, aipeleke mkoani, wilayani, hadi kwa mtendaji wa kijiji. Tena atawahoji wazee kwa Kisukuma, aandike tasnifu kwa Kiingereza, na njiani atagundua kwamba itogolo haina neno moja linalolingana nalo katika lugha ya tasnifu. Tunamshauri aliache neno hilo lilivyo na kulieleza kwa vipimo.

Gharama nazo zisifichwe. Mikopo ya elimu ya juu huwalenga zaidi wanafunzi wa shahada ya kwanza. Wa uzamili wengi hujilipia, au huwategemea waajiri na miradi ya utafiti. Mradi huja na swali lake, na si kosa kulikubali, ila mwanafunzi ajue mapema ni swali la nani analolijibu. Kuna deni jingine ambalo halimo katika ada. Watu wa kijiji hutoa siku zao kujibu maswali, nayo tasnifu huishia rafuni mamia ya kilomita kutoka kwao. Nakala ya kurasa nne kwa Kiswahili, yenye ramani, iliyoachwa katika ofisi ya kijiji, haigharimu kitu kikubwa.

Shule isiyo na chombo chochote inaweza kuanza sasa, kabla ya mvua za kwanza. Chagueni mstari kutoka kilimani hadi mbugani, na kwa kila mita 100 pigilieni misumari mirefu mitano ardhini, vichwa vyake vikiachwa juu kwa sentimita 5 barabara. Chimbeni kishimo karibu, mwandike rangi ya udongo, jinsi unavyofinyangika ukilowa, na jina ambalo mwenye shamba huliita. Mnamo Juni pimeni tena urefu wa msumari uliobaki juu: palipozidi sentimita 5 udongo umechukuliwa, palipopungua umeletwa. Daftari la vipimo likabidhiwe kwa kidato kinachofuata. Mwombeni mwenye shamba ruhusa kwanza, na kila msumari uwekewe kigingi cha alama, kwa kuwa plau itapita hapo na ng'ombe pia.