SOMO: KODI YA MTU ANAYETOKA KATIKA BIASHARA YAKE NA KUINGIA KATIKA AJIRA

Somo hili limekusudiwa wajumbe wa bodi na watunza hesabu wa vyama vya msingi, pamoja na mwanachama yeyote anayetarajia kuajiriwa. Yafaa lisomwe kwa pamoja, daftari na kalamu vikiwa mezani.

Na uchukuliwe mfano wa mkazi mmoja wa Heru Juu, mwenye duka dogo na mnunuzi wa maharage. Chama cha msingi kinamwajiri kuwa karani kuanzia tarehe 1 Julai, kwa mshahara wa shilingi 450,000 kwa mwezi. Siku ya kutia saini mkataba anatoa stakabadhi yake ya kodi na kumwambia mwenyekiti, "Mzee, kodi ya mwaka huu nimekwisha kulipa. Msinikate tena." Mwenyekiti, kwa wema wake, anakubali. Hapo makosa mawili yamekwisha kutendeka, moja la karani na moja la chama, na la chama ndilo zito zaidi.

Kosa la karani lina asili yake. Zamani za ukoloni, kodi ilitozwa kwa kichwa. Wengi katika nchi ya Buha walikwenda umanamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga ili waipate fedha ya kuilipa, na aliyekuwa na stakabadhi ya mwaka hakuulizwa tena, awe amelima, amechunga au amefanya kibarua. Hata kodi ya maendeleo, iliyofutwa mwaka 2003, wananchi waliizoea kwa namna hiyohiyo. Kodi ya mapato haiko hivyo. Haimfuati mtu kwa kuwa yupo. Huyafuata mapato yake na mahali yanakotoka. Chanzo cha mapato kikibadilika katikati ya mwaka, hesabu nayo hubadilika.

Alipokuwa dukani, mkazi huyo alitozwa kwa utaratibu wa makadirio, ambao ni wa wafanyabiashara wadogo. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mwenye mauzo yasiyozidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka hatozwi. Mwenye mauzo kati ya 4,000,000 na 7,000,000 hulipa shilingi 100,000 ikiwa hana kumbukumbu za hesabu; akiwa nazo hulipa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi 4,000,000. Mauzo ya karani wetu yalikadiriwa kuwa shilingi 6,500,000. Kwa kuwa hakuonyesha daftari alipangiwa 100,000, ambapo kwa daftari ingalikuwa 75,000. Kodi hiyo hulipwa kwa awamu nne, na kufikia mwisho wa Juni alikuwa amelipa awamu mbili, yaani shilingi 50,000.

Katika ajira, kodi hukatwa na mwajiri kila mwezi kwa utaratibu wa lipa kadiri upatavyo, ule unaoandikwa PAYE katika karatasi ya mshahara. Kwanza hutolewa mchango wa mfanyakazi katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ambao ni asilimia 10, yaani shilingi 45,000. Kinachobaki, 405,000, ndicho kinachotozwa. Kwa viwango vya Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi, na kutoka hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8. Basi asilimia 8 ya 135,000 ni shilingi 10,800. Karani atapokea mkononi shilingi 394,200.

Jambo linalowapita wengi ni hili. Utaratibu wa makadirio ni wa mtu ambaye mapato yake ya mwaka yanatokana na biashara peke yake. Vilevile, mfanyakazi husamehewa kupeleka ritani ya mapato ikiwa mapato yake yote ni mshahara aliokwisha kukatwa kodi na mwajiri. Katika mwaka wa kuvuka, karani hayumo katika kundi la kwanza wala la pili. Mwaka wa kodi huanza Januari na kwisha Desemba, nao kwake una vyanzo viwili. Kwa hiyo hana budi kuvijumlisha na kupeleka ritani kabla ya tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata kwisha.

Wengi wakisikia neno ritani huogopa, na pengine bila sababu. Tuseme tangu Januari hadi Juni aliuza maharage na bidhaa za shilingi 3,200,000, na gharama zake zilikuwa 2,300,000. Faida ni 900,000. Mshahara wa miezi sita, baada ya mchango wa NSSF, ni 2,430,000. Jumla ni 3,330,000. Kiasi kisichotozwa kwa mwaka ni 270,000 mara kumi na mbili, yaani 3,240,000. Kinachobaki ni 90,000, na asilimia 8 yake ni shilingi 7,200 tu. Lakini amekwisha kulipa 50,000 za awamu na kukatwa 64,800 katika mshahara, jumla 114,800. Amezidisha shilingi 107,600, na anayo haki ya kuomba marejesho. Haki hiyo hushikwa na daftari. Asiyeandika mauzo na manunuzi yake hawezi kuthibitisha ile faida ya 900,000, na hapo Mamlaka ya Mapato itamkadiria. Sheria yenyewe inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka mitano.

Hesabu hiyo inafaa ikiwa duka limefungwa kweli. Likiendelea kwa jina lake, mambo hugeuka. Katika mwaka kamili unaofuata, mshahara unaotozwa utakuwa 4,860,000, na chama kitakata kodi ya 129,600. Duka likileta faida ya 1,800,000, jumla yake ni 6,660,000. Hadi 6,240,000 kodi ni 240,000, na 420,000 zilizozidi hutozwa asilimia 20, yaani 84,000. Kodi yote ni 324,000. Ukiondoa zilizokatwa na chama, atadaiwa 194,400 kwa duka lilelile lililokuwa likitozwa 100,000.

Ikiwa mke ndiye atakayeliendesha na mapato yawe yake, basi liwe lake kwa haki: leseni ya biashara kwa jina lake, na namba yake mwenyewe ya mlipakodi. Mume na mke hutozwa kila mmoja peke yake. Kubadili kibao cha mlangoni tu, huku leseni ikiwa ya mume, hakusaidii kitu.

Karani haombi namba mpya ya mlipakodi. Ile ya dukani ndiyo yake ya maisha. Anachotakiwa ni kuiarifu ofisi ya Mamlaka ya Mapato kwa maandishi, bila kuchelewa, kwamba biashara imefungwa, na kubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Akikaa kimya, awamu za Septemba na Desemba zitaendelea kuhesabiwa deni.

Sasa kosa la chama. Mwajiri hana ruhusa ya kusamehe kodi, hata kama mfanyakazi ana stakabadhi kumi za biashara. Kodi iliyokatwa hupelekwa ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Chama kisipokata, chenyewe hudaiwa: zile 64,800 za miezi sita, pamoja na riba. Kwa NSSF chama huongeza asilimia 10 yake juu ya ile ya mfanyakazi, hivyo kwa miezi sita deni la michango ni 540,000. Fedha hizo hutoka katika ushuru unaokatwa katika kila kilo ya mkulima, naye hakuwapo siku ile mwenyekiti alipokubali. Mjumbe wa bodi anayesema "tumlipe kama posho, yaishe" angefaa aonyeshwe hesabu hii kwanza.

Viwango hubadilishwa na Bunge, mara nyingi katika bajeti ya Juni. Vithibitishwe ofisini kila Julai.

Maswali ya kikundi: Fundi cherehani wa Kibondo anaajiriwa tarehe 1 Oktoba kwa shilingi 350,000 kwa mwezi. Je, atakatwa kodi kiasi gani kila mwezi baada ya mchango wa NSSF? Ikiwa faida ya cherehani tangu Januari ni 1,500,000, je, anadaiwa au anadai? Na katika chama chenu, ni nani anayeshika karatasi za mishahara, na ya mwisho iliwasilishwa tarehe gani?