Kufu, kabila na rangi: Ni mizani ipi tunayoitumia?

 

Ndugu msomaji, miongoni mwa maswali ambayo sisi walimu wa dini huulizwa mara kwa mara na vijana ni hili: Je, wazazi wana haki ya kumkataa mchumba mwenye dini na tabia njema kwa sababu tu ya kabila lake au mkoa anakotoka? Wanaouliza hawaulizi kwa ajili ya mtihani. Aghalabu ni vijana walioposa wakarudishiwa barua, au mabinti walioambiwa wachague baina ya mchumba na radhi za wazazi.

Hapa Nangurukuru swali hili halikwepeki. Hii ni njia panda. Barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara hukutana hapa na ile ya Kilwa Masoko na Kivinje, na upande wa bara ipo njia ya Liwale. Tangu daraja la Mkapa lifunguliwe pale Rufiji mwaka 2003, na gesi ya Songo Songo ianze kuzalishwa mwaka 2004, wageni wameongezeka. Ukikaa kituoni utasikia Kimatumbi, Kingindo, Kimwera, Kimakonde, Kiyao, na siku hizi Kisukuma. Wengi wao adhana ikiadhiniwa huingia msikiti mmoja. Lakini wakitoka msikitini, je, wanaozana?

Kila mkoa na dharau yake

Ni kawaida yetu Watanzania kujisifu kwamba hatuna ukabila. Kwa kiasi fulani sifa hiyo ni ya kweli. Mwezi Oktoba 1961, karibu na Uhuru, Mwalimu Nyerere alipinga bungeni hoja ya kuufunga uraia kwa rangi ya mtu. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kumuuliza mwananchi kabila lake. Hayo ni mambo ya kushukuriwa. Lakini serikali kutouliza kabila ni jambo moja, na mtu kuacha kulipima kabila moyoni ni jambo jingine.

Dar es Salaam, Mmachinga ni mchuuzi yeyote wa barabarani, awe Mgogo au Mhaya. Wachache wanakumbuka kwamba Wamachinga ni watu wa Lindi, wenye mila zao na masheikh zao, na kwamba jina la ukoo wa watu limegeuzwa kuwa jina la kazi wanayofukuzwa nayo na mgambo. Mzee wa Kimakonde mwenye nembo usoni hufanywa kichekesho kwenye daladala.

Ukivuka bahari kwenda Unguja, Muislamu aliyetoka Tanganyika huitwa "chogo", hata akiwa hafidhi wa Qur'an. Na wao kwa wao, Muunguja na Mpemba wana maneno yao.

Wala sisi wa mwambao wa Kilwa tusijitoe. Lugha yetu wenyewe inatushitaki. Tuna neno "mshenzi", ambalo kwa wazee wetu lilikuwa jina la mtu wa bara. Tuna "muungwana", ambaye kinyume chake alikuwa mtumwa. Na tabia njema tumeiita "ustaarabu", kana kwamba adabu ilishushwa kwa Waarabu peke yao. Hata leo, jirani akigombana na jirani utasikia likichomoka: "Wewe babu yako aliletwa."

Historia ya Kilwa inasemaje?

Aliletwa na nani? Tusikwepe swali hili. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya kusafirishia watumwa waliotoka upande wa Ziwa Nyasa. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka mwaka 1922. Wanunuzi walikuwa Wazungu na Waarabu. Waliowakamata na kuwaleta pwani, wengi walikuwa Waafrika wenzao. Na Waislamu walikuwemo katika biashara hiyo. Kwa hiyo anayemtukana mwenzake kwa asili ya utumwa anamtukana aliyedhulumiwa, na kumwachia heshima aliyedhulumu.

Wapo pia wanaojivunia Ushirazi. Tuwaulize: masimulizi ya kale ya Kilwa Kisiwani yanasemaje? Yanasema mgeni kutoka Shirazi alikinunua kisiwa kwa nguo kutoka kwa mwenyeji wake, na kwa mujibu wa masimulizi ya wenyeji, akamuoa binti wa mwenyeji huyo. Mtoto wa ndoa hiyo ndiye aliyerithi mji. Maana yake ni kwamba hata hadithi ambayo watu huitumia kujitenga imeanza na ndoa ya watu wa asili mbili.

Na sayansi imekuja kulishuhudia hilo. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mabaki ya watu 80, wengi wao wa miji ya kale ya Waswahili, Kilwa ikiwemo. Wachunguzi walikuta kwamba watu wa Afrika na wa Asia walianza kuchanganyika kiasi cha mwaka 1000, wakati Uislamu unaenea pwani. Kwa wengi wao, zaidi ya nusu ya vinasaba ilitoka kwa wazazi wa Kiafrika, hasa wanawake. Sehemu kubwa ya asili ya Asia ilitoka kwa wanaume wa Kiajemi. Kwa hiyo anayehesabu nasaba kwa baba peke yake anaweza kujiita Mshirazi, lakini anamfuta mama aliyemzaa. Anayeitafuta Kilwa isiyochanganyika hataipata hata makaburini.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Aliwaeleza watu wake kuwa wengi ni weusi sana na wana chale usoni. Katika maelezo hayo hayo aliwasifu kwa dini na wema, na akataja kuwa wanafuata madhehebu ya Imam Shafi. Alimsifu Sultani wao, al-Hasan bin Sulaiman, kwa unyenyekevu na ukarimu, kiasi kwamba fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha njiani akitoka msikitini, akamwomba nguo alizovaa, naye akampa. Tuzingatie hapo. Uso wenye chale, ambao leo unachekwa kwenye daladala, ndio uso ambao msafiri wa karne ya 14 aliukuta katika safu za sala za Kilwa.

Ubaguzi hupandwa

Tukiangalia nyuma tutaona kwamba dharau hizi zilipaliliwa na tawala. Unguja ya kikoloni iliwaandika watu kwa rangi na asili zao, na wakati wa Vita Kuu ya Pili hata chakula cha mgao kiligawiwa kwa kufuata makundi hayo. Mtu akijua kuwa jina la kabila ndilo linaloamua kama atapata mchele au la, atalishikilia jina hilo, na atamchukia mwenye jina jingine. Januari 1964 tuliona mwisho wake: watu waliokuwa wakisali pamoja walitofautishwa kwa nasaba, na wengi wakauawa kwa sababu tu walihesabiwa kuwa Waarabu.

Huku Kusini tuna mfano wa kinyume chake. Mwaka 1905 Vita ya Majimaji ilipoanza katika milima ya Umatumbi, Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni na wengineo walipigana upande mmoja dhidi ya Mjerumani. Baada ya vita hiyo Uislamu ulienea kwa kasi katika vijiji vya bara ya Kilwa na Lindi. Walimu wa vyuo na halaka za dhikri waliwapokea watu ambao miji ya pwani iliwaita washenzi. Wajukuu wa watu hao ndio wanaojaza misikiti yetu leo.

Dini inasemaje kuhusu kufu?

Katika Suratul-Hujurat (49:13), Allah (s.w) anatufahamisha kuwa ametuumba kutokana na mwanamume na mwanamke, akatufanya mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba mbora wetu mbele yake ni mchamungu zaidi. Aya mbili kabla ya hiyo (49:11) inakataza watu kudharauliana na kuitana majina ya kejeli. Katika Suratur-Rum (30:22) tofauti za lugha na rangi zimetajwa kuwa ni miongoni mwa ishara zake. Anayeicheka rangi au lugha ya mwenzake basi ajue anaicheka ishara ya nani.

Hapa atasimama mtu mwenye elimu aseme: "Ustadh, mbona vitabu vya fiqhi vya madhehebu yetu vimetaja nasaba katika kufu?" Ni hoja ya haki na inahitaji jibu.

Kwanza, wanazuoni wamehitilafiana. Katika madhehebu ya Imam Malik msingi wa kufu ni dini. Pili, hata kwa wanazuoni wa Kishafi waliotaja nasaba, kufu si sharti la kusihi kwa ndoa. Ni haki ya mwanamke na mawalii wake, na wakiridhia kuiacha, ndoa inasihi bila shaka yoyote. Haki hiyo iliwekwa kumlinda binti asiozwe mahali atakapodhalilika. Haikuwekwa ili mjomba apate fimbo ya kumpigia kijana wa Kimwera.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tuangalie Mtume (s.a.w) alivyofanya. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Fatima bint Qays, mwanamke wa Kikureishi, alipoachika aliposwa na Muawiya na Abu Jahm, nao ni Makureishi. Mtume (s.a.w) alimshauri aolewe na Usama bin Zayd. Usama baba yake alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, na mama yake, Ummu Ayman, alikuwa Mhabeshi. Mwanzo Fatima hakupendezwa. Mtume akamkariria ushauri ule ule. Akakubali, na yeye mwenyewe akasimulia kwamba Allah alijaalia kheri katika ndoa ile mpaka akaonewa wivu.

Nne, imepokewa na Tirmidhi kwamba Mtume (s.a.w) aliwaonya mawalii: akija anayeridhiwa dini na tabia yake, wasipomuoza itakuwa fitna na ufisadi ardhini. Nani asiyeiona fitna hiyo? Binti anakataliwa mchumba mwema mara mbili, mara tatu, umri unakwenda. Kijana anachoka, wanaishi bila ndoa, mtoto anazaliwa, na ukoo uliokuwa ukilinda heshima ya nasaba unaanza kuificha aibu ya zinaa.

Wageni wa leo

Mizani hii haiishii kwenye ndoa. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa bonde la Usangu, Mbeya, na wengi wakaelekezwa mkoa wa Lindi, Kilwa ikiwa mojawapo ya wilaya walizofikia. Walikuja na mifugo yao katika vijiji vya wakulima. Migogoro ya mashamba ikafuata. Mkulima ambaye mahindi yake yameliwa na ng'ombe ana haki ya kudai fidia, na uadilifu ni kumsimamia aipate. Lakini kosa la mwenye kundi moja halibebeshwi kabila zima. Tukianza kusema "hawa watu ndivyo walivyo", tumerudi kule kule kwa Abu Dharr, ambaye katika Sahih Bukhari, alipomwaibisha mtu kwa asili ya mama yake, Mtume (s.a.w) alimwambia kuwa bado ana ujahili ndani yake. Ikiwa Sahaba mkubwa aliambiwa hivyo, sisi ni nani?

Na wengi wa wageni hao si Waislamu. Wataujua Uislamu kwa namna tutakavyowauzia, tutakavyowahukumu na tutakavyowajibu salamu.

Tufanye nini?

Mosi, walii anapoletewa posa aulize kwanza sala, uaminifu, kazi na tabia. Akitaka kukataa, akatae kwa sababu ambayo ataweza kuitaja mbele ya Allah.

Pili, kamati za misikiti zichague imamu kwa elimu. Salim, mtumwa aliyeachwa huru, aliwasalisha Muhajirina pale Quba kabla Mtume (s.a.w) hajawasili Madina, kwa kuwa aliihifadhi Qur'an zaidi yao, na Umar alikuwa miongoni mwa waliosali nyuma yake.

Tatu, walimu wa madrasa tusiwaachie watoto waitane kwa makabila kwa kejeli. Kinachochekewa chuoni kitakuwa hoja siku ya posa.

Nne, masheikh wanaofungisha ndoa wasinyamaze. Wakiona posa imekwama kwa sababu ya kabila, wamwendee walii na wazungumze naye kwa hekima.

Ndugu Waislamu, miguu ya Mmatumbi, ya Mmakonde na ya mwenye kujiita Mshirazi hugusana safuni mara tano kwa siku. Aliyeridhika kuinama bega kwa bega na mtu huyo mbele ya Mola wake, ana hoja gani ya kumkataa mkwe huyo mbele ya binadamu?