Puti ya Kopo: Ukiyafuata Maji, Kazi Itakaa

Msumari wa saa uking'olewa huacha tundu. Kiti kikigonga kona ya mlango hubandua lipu, na juu ya dirisha ufa mwembamba hujichora wenyewe. Fundi rangi huja na kopo la puti iliyochanganywa tayari kiwandani, huziba, husugua kwa msasa, kisha hupiga rangi. Siku hiyo ukuta hupendeza. Baada ya wiki kadhaa palipokuwa na tundu huonekana kishimo, au doa lisilofanana na rangi iliyolizunguka. Aghalabu chanzo ni maji. Ukiyafuata maji hayo tangu kwenye kopo hadi yanapopotelea hewani, kanuni za kazi hii utazigundua mwenyewe.

Tuanze na kilichomo koponi. Sehemu kubwa ni unga laini wa mawe ya chokaa, yaani kalsiamu kaboneti. Kuna maji, kuna chembe ndogo mno za gundi ya polima zinazoelea ndani ya maji hayo, na kuna kiasi kidogo cha kitu cha kuufanya mchanganyiko uwe mzito, ambacho mara nyingi hutokana na selulosi ya mimea. Unga huo haugandi kwa kukutana na maji. Uloweke mwaka mzima, utabaki unga uliolowa. Ndiyo maana puti hii hukaa miezi mingi bila kuharibika, mradi kifuniko kimebana.

Jasi ina tabia nyingine. Jasi ya unga hutokana na mwamba uliochomwa kwa joto la nyuzi 150 hivi za Selsiasi, ukapoteza robo tatu ya maji yaliyokuwa yamefungwa ndani yake. Ukiurudishia maji, huyafunga tena katika fuwele mpya zinazoshikana, na hivyo hukaza ndani ya dakika chache hata katikati ya shimo refu. Saruji nayo hukaza kwa mmenyuko wa kikemia kati yake na maji. Puti ya kopo haina mmenyuko wa namna hiyo. Maji yake hutoka, chembe za gundi husogeleana, hubanana, kisha huungana kuwa utando unaoushika unga.

Sasa tupige hesabu. Chukua mfano wa kilo moja ya puti yenye gramu 700 za unga, gramu 250 za maji na gramu 50 za gundi. Kwa uzito, maji ni robo tu. Lakini kwa ujazo uleule, mawe ya chokaa yana uzito wa mara 2.7 ya maji. Kwa hiyo unga huo hujaza mililita 260 hivi, maji mililita 250, na gundi kama 45. Karibu nusu ya ulichosukumia tunduni ni maji, nayo lazima yaondoke! Yanapoondoka, chembe za unga hukaribiana na puti hunywea, sawa na tope la dimbwi linavyonywea na kupasuka jua likiwaka. Kile kishimo kilizaliwa hapo.

Kina nacho kina hesabu yake. Uso hukauka kwanza, na maji ya ndani hulazimika kupenya tabaka lililokwisha kukauka. Kwa makadirio, muda huongezeka kwa mraba wa unene: tabaka la milimita 4 huhitaji muda mara 4 ya lile la milimita 2, na la milimita 10 huhitaji mara 25. Basi jaza tundu kwa matabaka membamba, kila moja likauke kabla ya jingine, na la mwisho liinuke kidogo juu ya ukuta ili msasa uwe na cha kusawazisha. Shimo kubwa lizibwe kwanza kwa jasi au lipu, puti ije juu kulainisha.

Hewa iliyojaa mvuke hupokea maji kwa shida. Wakati wa masika Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, tabaka lilelile huchelewa kukauka kuliko Dodoma wakati wa kiangazi. Fungua madirisha, washa feni, uwe na subira.

Gundi nayo hushika kile inachokigusa. Ikikuta vumbi, itashika vumbi, kisha vyote viwili vitabanduka pamoja. Kwangua rangi iliyolegea kwa skrepa, panua mdomo wa ufa kidogo, ondoa vumbi kwa brashi. Lipu kavu isiyopakwa rangi hufyonza maji ya puti upesi mno kabla gundi haijaungana vizuri; ipanguse kwanza kwa kitambaa chenye unyevu. Lakini ukuta unaopata maji kutoka bomba linalovuja au ardhini usiuzibe. Maji hayo yatasukuma puti kutoka nyuma na kuacha chumvi nyeupe. Tibu chanzo chake kwanza.

Lile doa nalo ni kazi ya maji. Puti iliyosuguliwa ina vinyweleo vingi vilivyoachwa na maji yaliyotoka, hivyo hufyonza rangi kuliko sehemu ya jirani iliyokwisha kupakwa. Ipake praima kwanza, halafu rangi. Kabla ya hapo, mulika tochi kutoka ubavuni mwa ukuta. Mwinuko na bonde vitaonyesha vivuli vyake.

Unaposugua, vaa barakoa. Rangi za zamani huenda zina madini ya risasi, ambayo hudhuru akili za watoto; kwa hiyo usizisugue kavu.

Ndugu msomaji, usimharakishe fundi anayekuambia ukuta haujakauka. Mpe siku anayoiomba, kwa maana bila hiyo hata rangi ya bei ghali haitakaa sawa.