Kosa au Uchakavu? Kusoma Maandishi ya Senti za Shaba za Marekani

Kila anayesoma maandishi ya kale hukutana na swali hili: alama isiyo ya kawaida iliandikwa hivyo tangu mwanzo, au iliharibika baadaye? Senti za shaba zilizotengenezwa Philadelphia kuanzia mwaka 1793 ni zoezi zuri la swali hilo, kwa sababu maandishi yake ni mafupi na namna yalivyotengenezwa inajulikana.

1. Alama ilizaliwa lini?

Kila senti ilipita hatua tatu. Kwanza, fundi alitayarisha muhuri wa chuma cha pua, akigongomea herufi moja moja kwa mkono, zote zikiwa zimegeuka kama zinavyoonekana kwenye kioo. Pili, kipande cha shaba kilibanwa kati ya mihuri miwili. Tatu, senti ilipita mikononi mwa watu kwa miaka mingi. Kila hatua ina makosa yake, na kila kosa lina dalili yake.

Kilichochimbwa ndani ya muhuri huinuka juu ya senti. Kwa hiyo ufa wa muhuri huonekana kama mstari ulioinuka, ilhali mkwaruzo wa baadaye huonekana kama mfereji. Uchakavu nao huanza sehemu za juu: nywele za mwanamke anayewakilisha Uhuru hulika kabla ya mabonde yaliyo kati yake. Tukiona nywele kali lakini herufi za upande mmoja hafifu, tushuku kwamba senti haikubanwa sawasawa, si kwamba imechakaa.

2. Mifano mitatu

Kwenye senti moja ya mwaka 1796, neno LIBERTY linasomeka LIHERTY. Fundi aligongomea B ikiwa imegeuka, kisha akaipiga tena juu yake kwa usahihi. Maumbo mawili yaliyolaliana yakafanana na H. Hapa hakuna tahajia mpya, kuna sahihisho.

Senti maarufu ya mwaka 1801 ina makosa matatu upande mmoja: UNITED linaonekana kama IINITED, shada la majani lina kikonyo kimoja badala ya viwili, na thamani imeandikwa 1/000 badala ya 1/100, yaani sehemu ya mia ya dola. Uchakavu hauwezi kugeuza 1 kuwa 0, kwa sababu hupunguza shaba, hauongezi. Kosa hilo lilitoka kwenye muhuri.

Mfano wa tatu ni mgumu zaidi. Baadhi ya senti za kwanza za mwaka 1793 zina AMERI badala ya AMERICA. Anayeshika senti iliyolika angeweza kudhani kwamba herufi mbili zimefutika. Lakini baada ya I kuna nukta. Nukta hiyo inaonyesha ufupisho wa makusudi, ambao uliachwa mwaka huohuo na neno likaandikwa kamili.

3. Mashahidi wangapi?

Muhuri mmoja ulitoa senti nyingi. Tukikusanya senti mia zenye LIHERTY, hatuna mashahidi mia, tuna shahidi mmoja aliyerudiwa mara mia. Hata hivyo nakala hizo zina faida: ufa wa muhuri hukua kadiri kazi inavyoendelea, hivyo senti isiyo na ufa ilitangulia yenye ufa mdogo, na hiyo ikatangulia yenye ufa mkubwa. Tunapata mfuatano wa wakati ingawa zote zina mwaka uleule.

4. Faida kwa wanaisimu

Hati ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu inatudai uangalifu uleule. Nukta iliyofutika na nukta ambayo mwandishi hakuiweka huacha nafasi tupu ileile, lakini ya kwanza inasimulia maisha ya karatasi, ya pili mazoea ya mwandishi. Vilevile, nakala hamsini zilizotolewa kwa stensili moja hubeba kosa moja, si hamsini.

Tukiyachanganya hayo, tutaingiza katika sarufi umbo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulitamka, kisha mwingine atalinukuu kutoka kwetu. Kabla ya kuliita umbo lahaja, tuulize kwanza liliingia katika hatua gani, kisha tuhesabu mihuri, si senti.