Somo: Pumwani na Watawala Wake

Yampasa mtu kuujua mtaa anaokaa: mipaka yake, asili yake na wanaoutawala. Asiyeyajua hayo hupotewa na haki yake naye hana habari. Basi leo twaieleza Pumwani.

Pumwani iko mashariki ya Nairobi, baina ya Mto Nairobi na Eastleigh. Nairobi ilianza mwaka 1899 kwa kituo cha reli, na Waswahili na wenziwao wakakaa katika vijiji vya Mombasa, Maskini, Kaburini na Pangani. Mwaka 1922 serikali ya kikoloni iliiweka Pumwani kuwa mahali pa Waafrika, na vijiji vile vikavunjwa kimoja baada ya kimoja. Pangani ilimalizika mwaka 1939, na wengi katika watu wake wakahamia Shauri Moyo.

Huko Pumwani wenyeji walijijengea nyumba kwa mali yao, lakini kiwanja kilibaki cha baraza la mji. Hapa ndipo ulipo mzizi wa matatizo: mzee hufa, na warithi wakagawana nyumba wakidhani wamegawana na ardhi.

Ama utawala, Pumwani ni wadi katika jimbo la Kamukunji, Kaunti ya Nairobi. Masoko na taka ni kazi ya kaunti; chifu ni wa serikali kuu; na ardhi ya umma husimamiwa na Tume ya Taifa ya Ardhi.

Kwa hivyo twawausia wenye nyumba: zitazameni karatasi zenu mngali hai, mkawabainishie watoto wenu kilicho chenu na kisicho chenu.