Niliowafundisha Kazi Wananizidi Mshahara

Ofisi yetu si kubwa. Ni kampuni ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Tunaandaa nyaraka na kutoa mizigo ya watu bandarini. Niliingia mwaka 2016. Mwaka 2024 wakaajiriwa wenzetu wawili, kijana mmoja na binti mmoja, kwa cheo kilekile nilichokuwa nacho, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwaelekeza. Hawakumaliza hata kipindi cha majaribio nikawa nimeshajua kwamba wote wawili wananizidi mshahara, kila mmoja kwa laki tatu na ushee. Haya ndiyo niliyojifunza, na si yote yanayonipendeza.

1. Slipu ya mshahara isomwe kuanzia juu

Sikupekua faili la mtu, wala sikuletewa umbea. Kijana mwenyewe alinijia na slipu yake ya kwanza, amenuna. "Dada, samahani. Hebu nielekeze, hizi hela zimekwenda wapi?"

Mshahara wake ulikuwa 1,250,000. Mkononi alipata 772,000. Nikamwelekeza mstari kwa mstari. NSSF wanachukua asilimia 10, yaani 125,000. Kinachobaki ndicho TRA wanachokipigia PAYE, na kwa kuwa kimevuka milioni moja, kile kilichozidi kinakatwa asilimia 30. Jumla ya kodi ikawa 165,500. Halafu Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 187,500. Nilikuwa natoa somo kwa utulivu kabisa huku macho yangu yamegandia ule mstari wa juu.

Wangu ulikuwa 938,067. Deni la Bodi nilishalimaliza, kwa hiyo mkononi nilikuwa napata 755,195. Angalia hapo: mkononi tulipishana kama elfu 17 tu. Tungeulizana "unapokea ngapi?", kama watu wanavyoulizana kwenye daladala, kila mmoja angeendelea na safari yake akiamini tuko sawa. Pengo lilikuwa kabla ya makato, na pengo hilo ndilo lenye maana, kwa sababu deni la Bodi lina mwisho. Tena NSSF inafuata mshahara: asilimia 10 yake na asilimia 10 ya mwajiri zinamwingizia 250,000 kila mwezi, mimi zinaniingizia pungufu ya 188,000. Hata uzeeni atakuwa mbele yangu.

Binti naye, siku chache baadaye, alisema bila kuulizwa kwamba wamepewa sawa.

2. Asilimia haijui ulivyochapa kazi, inajua ulikoanzia

Usiku ule nilifanya hesabu ambayo kila mwajiriwa wa muda mrefu angefaa kuifanya. Niliingia na 700,000. Nyongeza yetu ni asilimia 5 kwa mwaka, isipokuwa 2020 na 2021, tulipoambiwa korona imebana. Zidisha mwenyewe: 735,000, halafu 771,750, halafu 810,338, miaka miwili palepale, kisha 850,854, kisha 893,397, hadi 938,067. Hakuna aliyeniibia hata senti. Kila mwaka barua ya nyongeza ilikuja, na kila mwaka nilisema ahsante.

Sasa weka na bei za sokoni. Kwa miaka hiyo mfumuko wa bei nchini ulikuwa ukicheza kati ya asilimia 3 na 5 na kidogo. Ukiukusanya wote, kilo ya mchele na nauli vilikula nyongeza zangu karibu zote. Kwa maneno mengine, yule dada wa 2016 aliyekuwa bado anauliza TANSAD, ile fomu ya tamko la forodha, inajazwaje, na huyu wa 2024 anayeamshwa usiku kwa simu kwa sababu kontena la mteja limekwama, walikuwa wananunua vitu vilevile.

Mgeni haingii kwa asilimia. Anaingia kwa bei ya siku hiyo. Wale wawili walitoka kwa washindani wetu, walikuwa na kazi zao, na mtu mwenye kazi yake humng'oi kwa maneno matamu. Kampuni ilipotaka kuongeza mizigo inayopita kwenda Zambia na Kongo, ililipa kile ambacho mtu wa aina hiyo anauzwa mjini. Hiyo bei ilikuwepo muda wote, ila mimi sikuwa sokoni. Kwa asilimia 5 ningehitaji takriban miaka sita kufika walipoanzia, nao wasimame wakinisubiri.

3. Wageni hawana kosa

Hili najua linakera, na kuna wiki nzima ambayo salamu zangu zilikuwa za mkato. Lakini kijana alitaja bei yake, akapewa. Angekataa kwa heshima ya nani?

Dereva wetu mmoja, mtu mzima na mlokole, alinisikia nikilalamika akanikumbusha wale vibarua wa shamba la mizabibu katika Injili ya Mathayo: walioanza asubuhi walinung'unika walipoona wa saa kumi na moja wamelipwa sawa na wao. "Sasa wewe mwanangu, jicho lako linakuwa baya kwa nini?" Nikamwambia, baba, pale wote walipewa dinari moja. Hapa wa saa kumi na moja kapewa dinari na theluthi. Alicheka sana, akasema hilo itabidi akamuulize mchungaji.

4. Sheria ipo, ila soma inasema nini

Nilidhani nina kesi. Katiba yetu, Ibara ya 23, inazungumzia ujira unaolingana na kazi bila ubaguzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaingia ndani zaidi: kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi kazini na kutaja misingi yake, kama rangi, kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, umri, hali ya VVU na mingineyo. Kinamtaka pia mwajiri achukue hatua kuhakikisha wanaume na wanawake wanalipwa sawa kwa kazi yenye thamani sawa.

Kama angekuwa ni kijana peke yake anayenizidi, pengine ningekuwa na neno la kupeleka kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Lakini binti naye alikuwa ananizidi, kwa kiasi kilekile. Ukongwe kazini haumo kwenye ile orodha. Anayeona pengo linafuata jinsia au moja ya hayo mengine asikubali kuambiwa ni "soko tu", aende. Pengo langu halikuwa la aina hiyo.

Penye chama cha wafanyakazi chenye nguvu na mkataba wa hali bora, ngazi za mishahara zinaweza kuwa zimeandikwa, na kituko kama changu kinakuwa kigumu kutokea kimyakimya. Ofisini kwetu hakuna tawi. Serikalini nako viwango vinajulikana. Dada yangu ni mwalimu, anajua mwenye shahada anaanzia daraja gani na atapanda kwenda lipi. Nilipomsimulia yangu hakunionea huruma hata kidogo: nyongeza ya mwaka ya watumishi wa umma ilisimama tangu 2016, ikaja kurudishwa 2023. Alisema angalau mimi nina mtu wa kumgongea mlango.

5. Usiende na jina la mtu

Nilisubiri hadi karibu na kufungwa kwa bajeti, kwa sababu meneja ambaye bajeti yake imeshapita anaweza kukuonea huruma tu. Nikaomba miadi. Nikaandika ukurasa mmoja: ninachofanya leo ambacho hakikuwemo kwenye mkataba wa 2016, na ninachookoa.

Hapo kwenye kuokoa ndipo nilipotulia. Tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una ngazi ya juu ya asilimia 35. Ukimpangia mteja msimbo wa bidhaa kizembe, mzigo wa asilimia 25 unaingia kwenye 35. Kwa mzigo wa thamani ya shilingi milioni 100, hapo mteja amepoteza milioni 10 za ushuru, na kwa kuwa VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya thamani pamoja na ushuru, imeongezeka milioni 1.8 nyingine. Niliambatanisha mizigo ambayo mimi ndiye niliyegundua kosa kabla nyaraka hazijawasilishwa, pamoja na barua pepe za wateja kushukuru. Sikuandika neno "uaminifu" wala "miaka yangu yote hapa". Miaka haionyeshi chochote kwenye bajeti.

Bosi alisoma, akaniangalia. "Nani kakuonyesha mshahara wa mtu?"

"Bosi, sijaja na mshahara wa mtu. Nimekuja na wangu."

Hakulipenda jibu hilo, ila hakuwa na pa kushika. Nikamuuliza: leo nikiacha kazi, ukitangaza nafasi hii, utampata anayeyaweza haya kwa laki tisa na thelathini na nane? Akaanza na bajeti, akahamia kwenye hali ya biashara, akamalizia kwa kunipa cheo: niitwe afisa mwandamizi kwanza, hela zitafuata. Nikamshukuru, nikasema cheo kikija na hela yake nitakipokea kwa mikono miwili. Shule ya wanangu haipokei cheo.

Inafaa pia kujua upande wake. Anayekuongeza laki moja haitoi laki moja. Kwa viwango vya mwaka ule aliongeza elfu 10 ya NSSF, elfu 3 na mia 5 ya tozo ya ufundi stadi na mia 5 ya Mfuko wa Fidia, jumla 114,000. Wewe, kwa mshahara kama wangu, baada ya NSSF na kodi unabaki na 67,500. Anayelipa anaona nyingi, anayepokea anaona chache, na wote wawili wanasema kweli. Kwa hiyo taja kiasi cha kabla ya makato, na kitaje wewe kwanza. Nilitaja 1,250,000. Alirudi na 1,050,000. Tulikwenda hivyo hadi tukasimama kwenye 1,150,000.

Kisha nikaomba barua, yenye mwezi wa kuanza. Akasema, "Kwani huniamini, mama?" Namwamini. Lakini sheria ileile, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri kubadilisha maelezo ya ajira kwa maandishi yanapobadilika na kumjulisha mwajiriwa kwa maandishi. Na mabosi huhama.

Nilipouliza kwa nini isifike ile niliyotaja, alijibu bila kufikiri: "Wale walikuja na zao." Ndiye aliyewataja yeye mwenyewe.

6. Ingia sokoni hata kama hununui

Baada ya hapo nilikwenda kwenye usaili kampuni nyingine. Sikuwa nimeamua kuhama. Nilitaka kusikia ninauzwa ngapi kutoka kwa mtu asiyejua nilianza na laki saba. Walipouliza nategemea mshahara gani nikasema milioni moja na nusu, na hakuna aliyeshtuka. Kazi hawakunipa. Lakini nimepata namba ambayo kwa miaka yote niliyokaa ofisini kwangu hakuna aliyekuwa na sababu ya kunipa.

Usitishie kuondoka kama huondoki. Bosi wangu ameshawahi kumwambia mtu "haya, kwa heri", na anayelipwa kwa mwezi notisi yake ni siku 28 tu. Zinaisha kabla hujapata pengine pa kukaa.

7. Siri ya mshahara inamfaa nani?

Mkataba wangu una kipengele cha usiri, usome wako kabla ya kuropoka. Lakini kati yetu watatu siri ilikwisha siku ile ya slipu, na sioni aliyeumia isipokuwa bajeti ya kampuni. Binti ndiye aliyeniambia waliulizwa mishahara yao ya zamani kwenye usaili, na kwamba yeye alitaja anayoitaka, ya zamani akakataa kuitaja. Hilo peke yake lilinifaa kuliko semina zote za kazini nilizohudhuria. Mimi nikawaambia mwezi gani bajeti inafungwa. Tumekubaliana kila barua ya nyongeza ikitoka tunaonyeshana.

Ya mwaka uliofuata ilitoka asilimia 5 kwa wote. Wao wakafika 1,312,500, mimi 1,207,500. Kijana ndiye aliyekuwa na kikokotoo. Akapiga, akarudia, akanigeuzia simu: pengo la laki moja limekuwa laki moja na elfu tano. "Dada," akasema, "andika tena ule ukurasa wako." Nimeshauanza.